Mfanyabiashara akifa ghafla Kisenyi, moyo wake ndio shahidi

Mlango wa chumba cha lojing ukigongwa mara tatu bila jibu, mhudumu huita jirani. Jirani huchungulia juu ya pazia, kisha hurudi nyuma. Anaitwa mwenyekiti wa LC1, na baada yake polisi. Ndani yuko mtu amelala kama aliyesinzia, viatu vimepangwa chini ya kitanda, fedha ziko chini ya mto, simu inaita. Jana jioni alionekana akila wali na maharagwe huku akipiga hesabu ya magunia. Asubuhi hii hayupo tena.

Kisenyi, bonde lililo katikati ya Kampala chini ya mlima wa Mengo, linaijua habari ya namna hii. Ni mtaa wa mashine za kusaga mahindi, maghala ya mchele na karanga, vibanda vya kutuma fedha, migahawa ya Kisomali na kituo cha mabasi. Hapa hulala mnunuzi wa unga aliyetoka Juba, muuza nguo wa Eastleigh, mwenye dagaa wa Mwanza na mwenye kahawa wa Beni. Wengi hukaa siku mbili tatu. Hawana ndugu karibu, na wanaowajua kwa jina ni mshirika wa biashara, dereva na mwenye chumba. Kwa hiyo mmoja wao akifa usiku bila kuugua, wa kwanza kushukiwa ni hao hao watatu.

Uvumi hauhitaji saa nzima kuzunguka mtaa. "Amewekewa kitu kwenye chai." "Alikuwa anamdai fulani." "Mbona simu yake alikuwa nayo dereva?" Upande wa pili wa mpaka, mke au kaka anapiga simu akitaka jambo moja tu: mwili uletwe nyumbani leo hii. Wapo wanaoshauri marehemu alazwe kwenye gari dogo, afunikwe kama mgonjwa, avushwe kabla hakujapambazuka. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini huwaacha watu pabaya. Mshirika hubaki Kampala na tuhuma isiyofutika. Watoto wa marehemu nao huenda wanabeba mwilini ugonjwa uleule uliomuua baba yao, na hakuna atakayewaambia.

Kinachoweza kuwasaidia wote ni uchunguzi wa maiti, jambo ambalo familia nyingi hulikataa.

Hata mawaziri walisemewa sumu

Hofu ya sumu si ya wachuuzi peke yao. Tarehe 12 Septemba 2015, Jenerali Aronda Nyakairima, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uganda na kabla ya hapo Mkuu wa Majeshi, alifariki ndani ya ndege akitoka Korea Kusini kuelekea Dubai. Alikuwa na miaka 56. Kabla mwili wake haujafika Entebbe, kila kijiwe cha Kampala kilikuwa na jibu lake. Uganda ilituma wataalamu Dubai, mwili ukachunguzwa huko, na ripoti ikaelekeza kwenye moyo.

Miaka miwili haijatimia, Nairobi nayo ikapata msiba wake. Joseph Nkaissery, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, alifariki ghafla tarehe 8 Julai 2017. Siku moja kabla alikuwa Uhuru Park kwenye maombi ya taifa, mzima. Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali, Johansen Oduor, aliongoza upasuaji, na matokeo ya awali yakataja mshtuko wa moyo. Sampuli zilichukuliwa pia ili zipimwe sumu.

Si kila aliyesikia aliamini. Lakini mwili uliofunguliwa huacha kitu cha kushika: uzito wa moyo, hali ya mishipa, chupa za damu zilizofungwa kwa lakiri. Mwili uliozikwa bila kuguswa huacha maneno matupu, na maneno hayo yakiingia kwenye familia zinazodaiana fedha, huweza kudumu hadi kizazi cha pili.

Maiti 632 za Kampala

Mwili ukitoka Kisenyi bila maelezo ya hospitali, safari yake ni fupi: hupelekwa chumba cha maiti cha jiji kule Mulago. Mitaa hii miwili imeandikwa pamoja tangu zamani. Wataalamu Southall na Gutkind walipochunguza maisha ya vitongoji vya Kampala miaka ya 1950, mitaa waliyoichagua ilikuwa Kisenyi na Mulago. Na Mulago, hospitali iliyoanza mwaka 1913, ina historia ya kusoma moyo wa marehemu ambayo hospitali chache za Afrika zinaifikia.

Hapo ndipo mwaka 1948 mwanapatholojia Jack Davies alipoeleza ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao. Utando wa ndani wa moyo unageuka kovu jeupe, nene. Kovu linajaza chumba cha moyo na damu inakosa nafasi. Kwa muda mrefu uliitwa ugonjwa wa Davies, na jina lake la kitaalamu ni endomayokadio faibrosisi. Davies aliujua kwa kufungua mioyo kwenye meza ya maiti.

Ni Davies huyo huyo aliyeshiriki katika hesabu iliyokuja kusomwa dunia nzima. Mwaka 1960 yeye na wenzake wa Marekani walichapisha ulinganisho wa maiti 632 zilizopasuliwa Kampala na nyingine 632 za mji wa St. Louis, za watu wa umri na jinsia zinazolingana. St. Louis walikuta alama za mshtuko wa moyo kwa watu 136. Kampala walimkuta mmoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Shaper na Jones walikuwa wameandika kutoka Kampala kwamba ugonjwa huo ulikuwa nadra mno kwa Waafrika wa Uganda ilhali ulikuwa wa kawaida kwa Wahindi wa mji uleule.

Hesabu kama hizo ndizo zilizozaa imani ambayo bado inasikika sokoni: mshtuko wa moyo ni wa Wazungu na Wahindi, Mwafrika akianguka amerogwa au amelishwa. Imani hiyo imepitwa na wakati. Kwanza, namba ya 1960 ilihesabu waliofika kwenye meza ya Mulago. Aliyeanguka kijijini na kuzikwa jioni ileile hakuhesabiwa na mtu. Pili, maisha yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana shinikizo la juu la damu, na walio wengi kati yao hawakuwa na habari. Anayekula chipsi saa tano usiku, akalala saa nne tu, akaamka na wazo la lori lililokwama Elegu na riba ya mkopo inayopanda, hafanani na mkulima aliyepasuliwa na Davies. Na yule anayetafuna mairungi ili dereva asisinzie njiani ajue kwamba majani hayo huupandisha mpigo wa moyo na presha; watafiti wa Yemen waliyahusisha na mshtuko wa moyo zamani.

Daktari anatafuta nini

Sheria ya Uganda inataka kifo cha ghafla kisichojulikana sababu kiripotiwe, na polisi ndio wanaoomba uchunguzi kwa fomu yao namba 48. Kazi ya daktari basi huanza kabla ya kisu, na huanza na maswali. Nani alimwona mara ya mwisho akiwa hai? Alilalamika kifua, taya, bega la kushoto? Alitokwa jasho? Alikuwa na vidonge vya presha kwenye begi? Kuna ndugu yake yeyote aliyewahi kuanguka na kufa kijana? Mshirika anayejua lolote kati ya haya asikae kimya kwa kuogopa kuhusishwa. Kusema kwamba marehemu aliomba dawa ya vidonda vya tumbo saa tatu usiku kunaweza kuwa ndio ufunguo wote, maana maumivu ya moyo mara nyingi hudhaniwa ni ya tumbo.

Kitaalamu, kifo cha ghafla cha moyo ni kile kinachokuja ndani ya saa moja tangu dalili ianze. Au, kama hakuna aliyeshuhudia, mtu awe alionekana mzima ndani ya saa 24 zilizotangulia. Aliyekutwa lojing asubuhi yumo katika kundi hilo la pili.

Nje ya mwili daktari huangalia shingo, macho, kucha, alama za sindano, na kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Kisha hufungua. Moyo umo ndani ya mfuko wake; mfuko huo ukikutwa umejaa damu, basi ama ukuta wa moyo umepasuka baada ya mshtuko, ama aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, imechanika. Hilo la pili huwapata sana watu wenye presha isiyotibiwa, na jibu hupatikana papo hapo.

Usipokuwa na damu, moyo hutolewa na kupimwa kwenye mizani. Kwa mtu wa Kisenyi lugha ya mizani haihitaji mkalimani. Moyo wa mwanamume mzima huwa na gramu 300 hadi 350 hivi, wa mwanamke chini kidogo. Ukikutwa na gramu 500 kwa mtu wa mwili wa kawaida, umekuwa ukisukuma dhidi ya kitu kizito kwa miaka mingi, na mara nyingi kitu hicho ni presha. Ukuta wa chumba cha kushoto hupimwa kwa rula. Ukizidi sentimita moja na nusu, ni mnene kupita kawaida.

Halafu inakuja kazi ya subira. Mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe hukatwa vipande vya milimita tatu hivi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekata bamia. Daktari anatafuta pale njia ilipobanwa na mafuta na chokaa, na kama juu ya pale palipobanwa kuna bonge la damu. Njia ikiwa imezibwa robo tatu au zaidi, hilo ni jambo zito hata bila bonge.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu wengi wanaosoma ripoti. Mtu akifa dakika kumi baada ya mshipa kuziba, nyama ya moyo wake huonekana nzima kabisa. Mabadiliko yanayoonekana kwa hadubini huhitaji saa kadhaa, na yale ya kuonekana kwa macho huhitaji nusu siku au zaidi. Kwa hiyo ripoti ikisema nyama ya moyo haikuonyesha jeraha jipya, haina maana kwamba marehemu hakufa kwa moyo. Pengine alikufa haraka mno kwa jeraha kuonekana. Ndiyo maana vipande vidogo vya moyo huwekwa kwenye fomalini kwenda kusomwa baadaye, na ndiyo maana mishipa ina uzito kuliko nyama.

Jambo jingine la kuangalia kwenye karatasi hiyo ni maneno yenyewe. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na wakati mwingine ndugu hurudi nyumbani wakisema tu "moyo ulisimama". Moyo wa kila marehemu husimama, wa aliyegongwa na lori na wa aliyekufa kwa malaria. Fomu ya sababu ya kifo ina mistari kadhaa: wa juu ni kilichomuua dakika ile, wa chini ni kilichokileta. Mstari wa chini ndio wenye habari. Familia ina haki ya kumuuliza daktari auleze kwa lugha wanayoielewa, na Kiswahili Mulago kinaeleweka.

Vinavyojifanya moyo

Si kila anayekutwa amekufa kitandani ameuawa na moyo, na hapa ndipo uchunguzi unapoweza kuokoa hata waliolala chumba cha pili.

Chukua jiko la makaa. Usiku wa mvua, mtu anaingiza sigiri chumbani ili apate joto au achemshe chai, anafunga dirisha, analala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu. Asubuhi anaonekana kama aliyekufa kwa moyo, ila sehemu za mwili zilizolalia kitanda zina rangi nyekundu ya kung'aa badala ya zambarau iliyofifia. Daktari anayeona rangi hiyo huagiza damu ipimwe. Bila kipimo, mwenye lojing atakodisha chumba kilekile jioni kwa mteja mwingine, na sigiri itakuwa bado iko pembeni.

Chukua pia basi. Nairobi hadi Kampala ni safari ya usiku mzima, na mfanyabiashara aliyebana magoti kwa saa kumi na mbili, maji hanywi kwa kuogopa kukosa choo njiani, anakaribisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Bonge likichomoka hupanda hadi mapafuni na kuziba njia. Mtu husimama, hushika kifua, huanguka. Aliyeona atasema moyo. Mwanapatholojia atafungua mshipa wa mapafu na kulikuta bonge refu kama mnyoo, kisha atapasua misuli ya mguu kutafuta lilikotoka. Mguu uliovimba upande mmoja, ule ulioangaliwa kabla ya kisu, sasa unaeleweka.

Damu iliyovuja ndani ya kichwa nayo hufanana na moyo. Kwa sababu hiyo uchunguzi unaoishia kifuani haujakamilika.

Na sumu je? Ipo, na hakuna daktari mwenye akili anayeipuuza. Dawa za kuulia wadudu mara nyingi huacha harufu tumboni, povu mdomoni na mboni za macho zilizofinywa. Lakini harufu si ushahidi wa mahakamani. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa paja, mbali na tumbo, pamoja na mkojo, vilivyomo tumboni na kipande cha ini, na sampuli hizo hupelekwa Maabara ya Serikali iliyoko Wandegeya. Majibu yake hayatoki siku hiyo. Ripoti ya kwanza itasema nini kilionekana kwa macho. Ya sumu itafuata.

Kwa mfanyabiashara hapa pana kosa moja la kuepuka kuliko yote. Mwili usitiwe dawa ya kuhifadhi kabla ya kupasuliwa. Fomalini ikishaingia kwenye mishipa, vipimo vingi vya sumu na vya pombe haviaminiki tena, na mshirika aliyetuhumiwa hupoteza kilichoweza kumsafisha. Ndugu wanaolipia dawa haraka kwa sababu safari ni ndefu hufanya hivyo kwa nia njema na kuharibu jibu walilokuwa wakililia.

Moyo mzuri, mtu amekufa

Zipo maiti ambazo daktari hufungua kila kitu na hakuti kitu. Moyo una uzito wa kawaida, mishipa safi, mapafu safi, maabara haikuona sumu. Marehemu huwa kijana. Kwa familia hili ni jibu baya kuliko yote, na kwa mchawi anayetafutwa ndio mwanya.

Ulimwengu wa mpira ulijifunza habari za namna hii kwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali dhidi ya Kolombia, akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa kwanza haukutoa sababu. Wa pili ndio ulioonyesha moyo uliokuwa umenenepa ukuta, ugonjwa wa kurithi ambao haukuwa umegunduliwa. Kwa wengine hata uchunguzi wa pili hauoni kitu, kwa sababu hitilafu iko kwenye umeme wa moyo, na umeme hauonekani baada ya kifo.

Kitakachobaki ni walio hai. Ugonjwa wa kunenepa ukuta wa moyo ukiwa wa kurithi, kwa kawaida kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili za kuupata. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha waya kifuani, huchukua dakika chache, na picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti haina maumivu. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago hapo hapo, na Nairobi, Eldoret na Dar es Salaam vipimo hivyo vipo. Ripoti inayosema "hakuna sababu iliyoonekana" basi si karatasi ya kutupa. Ni barua ya kuwapeleka wadogo wa marehemu kwa daktari, na kila anayezimia akikimbia au akiogopeshwa atangulie.

Kabla jua halijazama

Kisenyi ni mtaa wenye Waislamu wengi, na hapa ndipo mazungumzo huwa magumu. Mzee wa familia anataka kuosha, kukafini na kuzika kabla ya jua kuzama. Kisu kwake ni kumvunjia heshima maiti, na ana hadithi ya Mtume ya kutegemea kuhusu kutovunja mfupa wa maiti.

Wanazuoni walilijadili hilo. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha Makka mwaka 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti pale panapohitajika kujua sababu ya kifo katika mashaka ya jinai au ugonjwa, kwa sharti la kutozidisha haja na kumsitiri marehemu. Imamu anayelijua hili akiitwa mapema, kabla ya ndugu kuanza kupigana na polisi mlangoni, mambo huenda vingine. Upasuaji wenyewe ni kazi ya saa chache. Mwili hushonwa, huoshwa, na ukivikwa sanda hakuna anayeona mshono. Familia inaweza kuomba kazi ifanywe asubuhi na mapema, na inaweza kuomba mtu wao wa jinsia ya marehemu awepo wakati wa kuosha. Kuomba hivyo si usumbufu.

Karatasi za mpakani

Marehemu anayerudi kwao kupitia Malaba, Busia, Mutukula, Katuna, Mpondwe au Elegu hasafiri na machozi tu. Afisa wa afya wa mpakani atauliza cheti cha kifo, barua ya polisi ya kuruhusu mwili kuondoka, cheti cha kuhifadhi mwili, kitambulisho au pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi wa nchi yake. Uganda, usajili wa kifo uko chini ya NIRA. Mfuatano una maana: polisi, upasuaji, kisha dawa ya kuhifadhi, kisha vyeti, kisha gari. Aliyeanza na gari atarudishwa mwanzo, na siku zinazopotea mpakani ni nyingi kuliko alizotaka kuziokoa.

Wapo wanaodhani kadi ya njano ya COMESA waliyoinunulia gari itagharamia. Haigharamii. Kadi hiyo ni ya madhara ya gari barabarani. Aliyefia kitandani hayumo. Mkopo wa SACCO wenye bima ya maisha unaweza kufutwa kwa kifo, lakini bima itataka kusoma sababu iliyoandikwa, na "alikutwa amekufa" si sababu. Mjane ambaye mumewe alizikwa bila ripoti anaweza kujikuta analipa deni ambalo lilikuwa na kinga.

Kwa hiyo kabla ya gari la maiti kuondoka Mulago, nakala mbili zitolewe: moja iende na mwili, nyingine ibaki kwa mshirika aliyeko Kampala. Na familia imteue mtu mmoja anayeishi Uganda, kwa barua iliyoandikwa na kusainiwa, awe na haki ya kufuatilia majibu ya maabara ya Wandegeya. Majibu hayo yatatoka wakati msiba umekwisha, matanga yameanuliwa, na ndugu wako Bungoma au Bukoba wakigawana magunia. Hakuna atakayekuwa na nauli ya kurudi kuyauliza.